Shajara ya fideli: kujifunza kusoma magunia ya Kihabeshi

Septemba 14, 2024

Leo mteja wangu wa miaka mingi amerudi na mfuko wa pilipili, macho mekundu. Alitaka berbere, mimi nikampimia mitmita. Zote mbili ni unga mwekundu, ila berbere ni pilipili iliyosagwa pamoja na viungo vingine, unaitia kwa kijiko cha kupakulia na mchuzi unapata mwili. Mitmita ni pilipili ndogo kali, hunyunyizwa kidogo tu juu ya nyama. Yeye alitia vijiko vinne sufuriani.

Kosa ni langu. Magunia yote yanatoka Uhabeshi, yaani Ethiopia, na yameandikwa kwa herufi za Kiamhari, wino mzito ubavuni, lakini mimi nilikuwa nikiyatofautisha kwa kamba: kijani berbere, buluu mitmita. Safari hii aliyefunga mzigo hakuwa na kamba ya buluu, akatumia aliyokuwa nayo.

Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza viungo hapa Eastleigh, Nairobi. Herufi za shule nazisoma, za Kiarabu za chuo cha Kurani nazisoma pia, maana nimekulia Mombasa na nimechapwa kwa ajili ya alifu na be kama wenzangu wote. Magunia yanayonilisha ndiyo sisomi. Basi mradi ni huu: ikifika mwisho wa Februari niwe nasoma kila kilichoandikwa kwenye gunia, katoni na risiti bila kumuuliza mtu. Kuzungumza kukija, kuje.

Mwalimu nimempata hatua tatu kutoka mlangoni, dada Mhabeshi anayepika kahawa mbele ya duka la vitambaa. Masharti yake ni herufi tatu kwa siku, na kikombe kimoja kwa siku. "Kulipa baadaye," amesema, akaandika kitu kwenye daftari lake lililoning'inia msumarini.

Septemba 16

Amenipa chati. Herufi 33 zimeshuka upande mmoja, kila moja ina maumbo 7, jumla 231. Nilitaka kuirudisha chati palepale.

Halafu nikaitazama tena nikacheka. Hii ni *ba be bi bo bu*! Ni ubao wa darasa la kwanza, mwalimu na fimbo yake, sisi tunaimba. Fideli, ndivyo wanavyoiita, haiandiki konsonanti peke yake na irabu peke yake. Inaandika silabi. በ ni *be* fulani hivi ya mdomo uliolegea, kisha ቡ ni *bu*, ቢ ni *bi*, ባ ni *ba*, ቤ ni *be* kamili, ብ ni *b* yenye irabu nyembamba au isiyo nayo kabisa, ቦ ni *bo*. Na watoto kwao hujifunza kwa kuimba vilevile, safu kwa safu.

Safu zenyewe zina majina. Ya kwanza ni geez, ya pili kaib, kisha salis, rabi, hamis, sadis, sabi. Nikamwambia ngoja kwanza. Chuoni tulisoma mirathi: thuluthi, robo, sudusi ya mama. Kwenye hesabu kuna humusi na subui. Salis na thuluthi, rabi na robo, hamis na humusi, sadis na sudusi, sabi na subui. Safu tano kati ya saba nilikuwa nazo kichwani tangu nina miaka kumi, nimezihifadhi kwa ajili ya kugawa mali ya marehemu.

Septemba 23

Nimeacha kufuata mpangilio wa chati. Herufi tatu za leo, tatu za kesho, zinaingia na kutoka. Sasa najifunza kwa gunia. Neno moja, herufi zake zote, mpaka nilione neno hilo kwa mbali kama ninavyoona namba ya matatu.

La kwanza, lazima, በርበሬ. Hapa nimeelewa kwa nini ile programu ya simu niliyokuwa nimeipakua haikunisaidia. Ilianza kwa kuniandikia kila kitu kwa herufi za Kizungu: "berbere". E tatu zinazofanana. Dada wa kahawa akisema, e zake si sawa. Mbili za kwanza ni በ, ile ya mdomo uliolegea, iko kati ya *e* na *a*, Kiswahili hatuna. Ya mwisho ni ሬ, *re* yetu ya kawaida. Na katikati kuna ር, *r* isiyobeba kitu. Fideli inakuonyesha yote hayo, "berbere" inakuficha. Programu nimeifuta. Anayetaka kujifunza lugha hii aanze na herufi, hata kama itamchukua mwezi mzima kabla ya kujua kusalimia.

La pili ሚጥሚጣ. Ukiliona mara moja hulisahau: *mi* mbili zimekaa kama mapacha, na baada ya kila moja ndugu wawili wa ukoo mmoja, ጥ na ጣ. Magunia yangu sasa hayana haja ya kamba.

Septemba 30

Jambo linalopunguza kazi: kofia. ሰ ni *se*. Ivalishe kofia, ሸ, inakuwa *she*. ተ ni *te*, yenye kofia ቸ ni *che*. ነ na ኘ ni *ne* na *nye*. ደ na ጀ ni *de* na *je*. Kwa hiyo *sh, ch, ny, j* hazikunigharimu kitu.

Na kuna la kuongeza kazi bila faida. ሀ, ሐ na ኀ zote leo ni *ha*. ሰ na ሠ zote *se*. Zamani, katika Kigeezi, lugha ya kale inayosomwa hadi sasa kanisani, kila moja ilikuwa na sauti yake. Sauti zimekufa, herufi zimebaki. Nimemuuliza dada nitajuaje ipi ni ya wapi. Akasema wenyewe huandika ipendayo mkono. Nimechagua moja moja na nyingine nazitambua tu nikikutana nazo.

Oktoba 5

Nimeona aibu ya bei nafuu, namshukuru Mungu.

Imeingia katoni ya shiro, unga wa dengu uliokwisha kutiwa viungo. Kwa kuwa sasa mimi ni msomi, nikasoma ሽሮ bila kusita, nikaendelea kwenye tarehe ya kusagwa: 3/13/2016. Unga wa miaka minane! Na mwezi wa kumi na tatu juu yake! Nikampigia aliyeniuzia, sauti juu, kwamba kaniletea takataka na hata kughushi tarehe hajui.

Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia taratibu kwamba kwao mwaka una miezi 13. Kumi na miwili ina siku 30 kila mmoja, wa mwisho, Pagume, una siku 5, au 6 mwaka ukiwa mrefu. Na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8, kutegemea ni kabla au baada ya mwaka wao mpya, ambao huu wa 2017 wameuanza Septemba 11 iliyopita. Kwa hiyo unga wangu ulisagwa Septemba 8, hauna hata mwezi. Nimeomba radhi. Nimenunua katoni nyingine mbili ambazo sikuwa nazihitaji.

Oktoba 12

Upande wa furaha: saa. Nimepatana na dereva wa mzigo kwa Kiamhari changu kibovu. Akasema *sost se'at*, saa tatu. Mimi kwa mazoea ya kushughulika na watu wa Kiingereza nikaanza kuongeza sita kichwani, kisha nikakumbuka sina haja. Wao pia huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa tatu yao ni saa tatu yetu. Saa tatu na robo ni *sost se'at ke-rub*. Dakika ni *deqiqa*. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaandikia wauzaji ujumbe wa saa za Kizungu, wao wanageuza kwenda kwao, mimi nageuza kwenda kwangu, na wote tulikuwa tumekaa mahali pamoja.

Oktoba 20

Nimetembea mtaani nikisoma mabango. Ninalosoma kila mahali ni ምግብ ቤት. La pili rahisi, *bet*, nyumba. La kwanza herufi tatu, zote za safu ya sita, sudusi: *m-g-b*. Nilikuwa nasoma "mgb", nakwama kama gari matopeni. Linasomeka *migib*, chakula. Safu ya sita ndiyo ugomvi wa lugha hii. Herufi ileile huenda ina kairabu kembamba, huenda haina, na maandishi hayakwambii. Shule ni ትምህርት ቤት: herufi tano za sudusi mfululizo kabla hujafika kwenye nyumba. *Timihirt bet.* Mtoto anayeweza kusoma neno "shule" kwenye lango la shule yake, mimi naona amekwisha kuhitimu.

Kila kitu ni nyumba ya kitu. Mgahawa ni nyumba ya chakula, shule ni nyumba ya masomo. Kwetu *beti* imebaki kwenye mashairi tu, na hata huko ni nyumba, chumba kimoja cha utenzi baada ya kingine.

Novemba 2

Nimeanza karatasi ya maneno tunayochangia. Sikuyatafuta, yanakuja yenyewe kutoka kwenye rafu. ቅርንፉድ, *qirinfud*, ni karafuu. ሱቅ, *suq*, ni duka, jamaa wa soko. ደብተር, *debter*, ni daftari. ምስማር, *mismar*, ni msumari, kwa hiyo daftari la dada na msumari wake vyote ni vyetu sote. ወረቀት, *wereqet*, ni karatasi, nasi tunao waraka. ሚዛን ni mizani. ሰባት, *sebat*, ni saba. Mengi yamepitia Kiarabu au ni binamu zake, kwa kuwa Kiamhari na Kiarabu ni wa ukoo mmoja. Lakini safari haikuwa ya upande mmoja. *Mets'haf*, kitabu, ni neno la Kigeezi la zamani sana, na wataalamu wengi wanasema Waarabu waliposema *mus'haf* walilichukua kutoka Uhabeshi. Msahafu wangu uliofunikwa kitambaa cha kijani kule nyumbani, jina lake huenda lilivuka Bahari ya Shamu mara mbili kabla ya kunifikia.

Kahawa ni ቡና, *buna*. Sisi tumebaki na *buni*, ile mbichi isiyokaangwa. Na vikombe vya kahawa yao huenda kwa awamu tatu: *abol* ya kwanza nzito, *tona* ya pili, ya tatu nyepesi kabisa inaitwa *bereka*. Baraka. Kumbe ndiyo maana siku zote ananizuia nisiondoke baada ya cha pili.

Novemba 9

Maneno ya kuchangia yana mitego. Kuna mzee nadhifu, miwani, koti hata kukiwa na joto, anayekunywa kahawa kwa dada kila alasiri. Humwita *hakim*. Kwa miezi mingi nimekuwa nikimwinamia mheshimiwa huyu, nampisha kwenye kibaraza, na siku moja nilimuuliza kwa adabu zote maoni yake kuhusu kesi ya kiwanja cha ndugu yangu. Alinitazama vibaya.

*Hakim* kwao ni daktari.

Novemba 17

Kigingi cha ጠ. Gunia la ጤፍ, *t'ef*, nafaka ya kutengenezea injera, mkate wao mwembamba, naliuza kila siku na kila siku nalitaja vibaya. Si *t* yetu. Unafunga pumzi kooni, halafu herufi inaruka yenyewe kama unavyotema ganda la alizeti. Kuna ቀ, ጨ, ጸ na ጰ za namna hiyo pia. Sisi wa Mombasa tunajisifu kwa masikio, tunatofautisha *paa* la nyumba na *phaa* wa porini, *kaa* la moto na *khaa* wa baharini. Nikadhani nitaweza. Dada akaniwekea kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Nikisema *thembo*, yule wa porini, karatasi inapepea. Kwenye ጠ haitakiwi itikisike hata kidogo, na sauti iwe kali zaidi. Yaani nguvu bila pumzi. Nimefanya mazoezi mpaka kijana wangu wa dukani ameniuliza kama nimepaliwa.

Na si urembo. ተራ ni zamu, ጠራ ni aliita. Nimekuwa nikiwaambia wateja "ni aliita yako".

Desemba 11, Moyale

Nimekuja mwenyewe kuona mzigo unakotoka. Zaidi ya kilomita 700 ndani ya basi, magoti yamekufa. Nimevuka mpaka hadi upande wa Uhabeshi nikiwa na sentensi kumi zilizopigwa pasi. Nikamsalimia muuza chai: *dehna nesh?* Akajibu kwa Kiborana, lahaja ya Kioromo. Nikamsalimia mwenye duka, naye Kiborana. Watu wengi hapa lugha ya nyumbani ni Kioromo, na Kioromo tangu 1991 kinaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, wanaziita Qubee. Mabango yana lugha mbili. Juu ya mlango mmoja nikaona *mana nyaataa*, na pembeni ምግብ ቤት. Sikuhitaji kuambiwa *mana* ni nini.

Sikusema Kiamhari sana. Lakini kwenye ghala nilisoma ubavu wa kila gunia kabla halijapakiwa, na nikakuta mawili ya ጥቁር አዝሙድ, habasoda, yameingizwa kwenye hesabu ya ነጭ አዝሙድ. *T'iqur* ni nyeusi, *nech* ni nyeupe. Tofauti ya bei si ndogo. Mwenye ghala alinitazama kana kwamba kiti kimezungumza. Nauli yangu ilirudi hapo.

Desemba 15

Nimerudi na swali. Kwa nini muuza chai alicheka niliposema *dehna nesh?* Alikuwa mwanamume. *Nesh* ni kwa mwanamke, mwanamume ni *neh*. Na mimi miezi mitatu dada akiniambia *dehna neh*, nilikuwa namrudishia *dehna neh* hivyo hivyo, nikimwita mwanamume kila asubuhi mbele ya wateja wake. Hakuwahi kunisahihisha. Nimemuuliza kwa nini. Anasema alifikiri ni utani wa pwani. Nami kwa kujirekebisha kichwani nikawa nimegeuza zote mbili.

Kiswahili kimetudekeza. *Yeye* ni yeye, *wewe* ni wewe.

Januari 7, 2025

Leo ni Krismasi yao, ገና. Dada amevaa nyeupe, ametandaza majani sakafuni, ubani na bisi, na kahawa ni bure. Amenichapa kwa neno lilelile la sikukuu. Aliandika ገና kwenye karatasi akaniambia nisome. *Gena.* Ipi? Ukikaza *n*, *genna*, ni Krismasi. Usipoikaza, *gena*, ni "bado". Herufi hazionyeshi. Vilevile አለ: ukikaza *l* ni "yupo", usipokaza ni "alisema". Wenyewe wanajua kwa maana ya sentensi. Mimi hiyo sentensi ndiyo ninayoitafuta.

Hapa ndipo nilipoona kwamba chuo kilinisaidia zaidi ya shule. Barua za wazee wetu wa pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi hazina hata irabu, na marehemu babu alikuwa akizisoma kwa kasi, akinambia: kwanza jua anataka kusema nini, ndipo utasoma alichoandika. Nilidhani ananikwepa. Fideli yenyewe ilianza hivyo, konsonanti tupu, mpaka karne ya 4, zama za mfalme Ezana wa Aksum, dola ya kale ya Uhabeshi, ndipo alama za irabu zikaanza kuunganishwa kwenye miili ya herufi.

Januari 19

Jioni moja nimeandika Kiswahili kwa fideli, kwa kujifurahisha. Kinakaa vizuri kuliko nilivyotarajia. ሳማኪ, samaki. ኪታቡ, kitabu. ኛማ, nyama. Na ile safu ya sita iliyonitesa, kwetu inafaa kama kanzu ya kushonewa: ምቶቶ, mtoto, ንዲዚ, ndizi. *Dh*, *th* na *gh* hazina pa kukaa. Dada alisoma orodha yangu yote kwa sauti, vizuri kabisa, bila kujua nusu ya maneno aliyokuwa akiyatamka.

Februari 3

አላውቅም, *alawqim*, sijui. Neno ninalolitumia kuliko yote. Nimeligundulia kitu: *awqalehu* ni najua, na ukikataa neno linabanwa huku na huku, *al-* mbele, *-m* nyuma. Nasi tunasema najua, kisha sijui: mbele kumebadilika na nyuma kumebadilika. Sijaandika zaidi ya hapo, mzigo umeingia.

Februari 22

Risiti nasoma. Katoni nasoma. Magunia nasoma kwa taa ya simu. Kilichobaki ni mwandiko wa mkono, na mwandiko ninaouona kila siku ni mmoja, ule wa daftari la msumarini. Tarakimu zao za kale, ፩ ፪ ፫, nimeziona kwenye kalenda ya ukutani tu. Deni linaandikwa 1, 2, 3 kama la kila mtu.

Leo dada alipoenda kuteka maji nikalishusha. ሹፌር, *shufer*, dereva, 6. ሀኪም, 2, mtu msafi huyu. Wa vitambaa, 9. Nikatafuta jina langu kwa ukoo wa kila herufi, juu hadi chini, halipo. Nikafurahi kidogo, nikadhani mwalimu amenisamehe.

Kisha mstari mrefu kuliko yote, umejaza ukurasa na kurukia wa pili. ሞምባሳ. Nikausoma mara moja tu, *mo-m-ba-sa*. Na baada yake neno jingine ambalo ilibidi nilipitie herufi moja moja: ሽ, ማ, ግ, ሌ. *Shimagile.* Nikalitafuta. Mzee. Mzee Mombasa. Mimi nina miaka arobaini na minne.

Vikombe 143. Amerudi na ndoo akanikuta nimelishika, nikamuuliza kwa Kiamhari kama hakuona jina la kijana zaidi la kuniandikia. Akajibu kitu kirefu, haraka, na wa vitambaa akacheka. Nikasema *alawqim*. Nimelipa vikombe mia, arobaini na vitatu vimebaki msumarini.